Kunde Zilizoonja Moto

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Kigera kumsalimu mdogo wangu, ambaye watoto wake huja kwangu kila likizo kufunzwa adabu, na sebuleni kwake, juu ya kabati la televisheni, nikakuta kibuyu cha mbegu cha marehemu bibi yetu kimepakwa vanishi na kutiwa maua ya plastiki. Hilo peke yake lingetosha kunikosesha hamu ya chai. Lakini kubwa zaidi lilikuwa linakuja. Mgeni wake, mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisa, alikuwa akilalamika kwamba kunde alizopanda uani hazikuota hata moja. Mdogo wangu akakinyooshea kibuyu kidole.

"Usijali, mwenzangu. Hata bibi yetu wa Mugango, pamoja na sifa zake zote, uzee ulipomwingia aligawiaga majirani mbegu zilizokufa. Walikuwaga wanamwagilia vumbi."

Wakacheka. Mimi sikucheka nao; kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwangu. Msomaji wangu, usidhani nilikasirika. Nilishtuka, kama anavyoshtuka mtu aliyesikia jina lake likitajwa mahakamani akiwa amekaa kwenye benchi la wasikilizaji. Niliamini kwamba ulimwenguni kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua habari ile ilivyokuwa, naye ndiye aliyekuwa ameshika kikombe.

Mimi nililelewa na bibi pale Mugango, mdogo wangu akibaki kwa wazazi wetu mbali. Bustani ya bibi ilikuwa hatua chache kutoka ziwani. Asubuhi uliamshwa na kelele za ndege waliogombania dagaa waliotandazwa mchangani, na harufu ya dagaa hao iliingia hata kwenye nywele. Ilikuwa miaka ya shida, miaka ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji, lakini halikuwa na kitu cha kuuza. Uji tulikunywa bila sukari. Nguo tulifulia majani ya mpapai, ambayo hutoa povu kidogo na kuacha harufu ya ubichi. Chakula, hata hivyo, hatukukosa, na sababu ni kwamba bibi hakuihesabu bustani kuwa kazi ya msimu wa mvua. Watu wengi hulima mvua ikinyesha na kuisahau ardhi mvua ikikatika. Yeye aliniambia kwamba mvua hulimia wavivu, na mkulima hujulikana kiangazi.

Kwa hiyo masika yalipokwisha na mabua ya mahindi yakaanza kulialia kwa upepo wa ziwani, ndipo kazi ilipoanza. Majirani walichoma mabua ili shamba lionekane safi. Bibi aliyakata, akayalaza juu ya matuta. Ardhi ikiachwa uchi, alisema, huona aibu ikajifungia. Kunde zilizokwisha kuzaa hatukuzing'oa. Tulikata shina usawa wa udongo na kuiacha mizizi ioze humo humo, iwe chakula cha watakaofuata. Samadi tuliigeuza kila wiki kwa jembe la uma na kuinyunyizia maji ya ziwa, kwani samadi kavu, kwa maneno yake, ni vumbi lenye majivuno. Ninayaandika haya kwa sababu ninaona bustani za mjini siku hizi, zimefagiwa kama sakafu na majani yake yamechomwa kwenye ndoo, kisha mwenye bustani hushangaa mchicha wake unapotoka mwembamba kama uzi.

Lakini kazi kuu ya kiangazi ilikuwa mbegu. Kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuchuma, bibi alipita tutani akachagua mashina machache yaliyobeba vizuri, akayafunga kitambaa chekundu. Shina lililofungwa halikuguswa. Hata mtoto aliyejifunza kutembea juzi alilijua hilo. Maganda yake yaliachwa yakauke shinani, nasi tuliyachuma alfajiri yakiwa na umande, yasije yakapasuka na kumwaga punje. Tulizianika kivulini, kamwe si kwenye bati. Kisha zilichanganywa na majivu yaliyochekechwa, zikatiwa kibuyuni. Mdomo uliozibwa kwa gunzi ulifunikwa samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo bibi aliilainisha kwa mgongo wa mkono mpaka ikawa laini kama ngozi ya ngoma. Kibuyu kilitundikwa juu ya meko, kikae ndani ya moshi hadi vuli.

Kunde za kula zilikuwa kunde zilezile, nyeupe zenye jicho jekundu, ila njia yake ilikuwa nyingine. Hizo alizipitisha kwenye chungu cha moto, zikapata joto la kuua fukusi, ndipo zikawekwa kwenye gunia. Zilipikika vizuri mwaka mzima. Kuota zisingeota tena. "Hizi zimeonja moto," aliniambia, "na kilichoonja moto hakirudi udongoni."

Ni lazima nikueleze pia habari ya mkono wake. Pale kwetu mvua za vuli zilipokaribia, mtu aliyepungukiwa mbegu alikuja kwa bibi na kibakuli kitupu. Hakulipa. Bibi alimmiminia viganja viwili vilivyojaa na kumwambia apande kabla jua halijawa kali. Watu walisema ana mkono wa mbegu, kwamba alichokimimina yeye hakikosi kuota. Hakuwa na ng'ombe wengi wala mume, na mtoto wake mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu. Heshima yake kijijini ilikuwa katika viganja vile.

Mwaka ninaousema, nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Maduka yalikuwa yameanza kupumua. Ruhusa ilikuwa imetolewa kuleta bidhaa kutoka nje, na wachuuzi walitembea vijijini na vitu tulivyokuwa tumesahau sura yake. Shuleni kwetu mwalimu wa zamu alitukagua kila Jumatatu, akitunusa makwapani kama anayenusa maziwa, na msichana mmoja katika darasa letu alikuwa ameanza kuoga kwa sabuni ya kunukia. Alipopita, hata mwalimu alinyamaza. Mimi nilinuka mpapai.

Mwishoni mwa kiangazi, shangazi yangu, yule mtoto wake aliyekuwa karibu, alijifungua huko Nyasura, Bunda, na bibi akapanda lori la pamba kwenda kumwuguza. Aliniachia nyumba, kuku, na maagizo. La mwisho lilikuwa hili: mvua ikikaribia, nitoe punje kumi kibuyuni, nikizibe tena na kulainisha kama yeye, kisha nizifunge kwenye kitambaa chenye maji, nizihesabu siku ya nne. Zikiota nane, tunapanda bila wasiwasi. Zikiota tano, tunapanda mara mbili. Akanishika bega. "Watu watakuja na vibakuli, mama. Wewe sasa ndiye mkono wangu."

Siku ya tatu akaja mama mchuuzi kutoka mjini Musoma, na sinia la sabuni kichwani. Alibadilishana kwa mazao. Nilimletea kunde za gunia. Alizimimina kiganjani, akazigeuzageuza, akaguna.

"Hizi zimepikwa nusu, binti. Mie nipelekee wanangu mabaki? Lete zile mnazoficha."

"Hatuna nyingine."

"Mna kibuyu kule jikoni, nimekiona tangu mlangoni. Haya, endelea kunukia mpapai, si makosa yangu."

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Nimewaona watu wazima wengi wakijificha nyuma ya utoto wao. Nilijua. Nilikishusha kibuyu, nikavunja samadi, nikamwaga mbegu yote kwenye kitambaa chake. Aliponipa kipande cha sabuni na kuondoka, nilikijaza kibuyu kunde za gunia, nikazivuruga na majivu hadi alama za kuungua zikafichika. Nikaokota samadi mbichi njiani, nikalirudisha gunzi, nikaziba. Usiku huo nilioga mara mbili. Jumatatu mwalimu alinisifu mbele ya mstari, na nakiri kwamba kwa asubuhi ile moja niliona bei ilikuwa halali.

Mvua ilimtangulia bibi kidogo. Alirudi mawingu yakiwa yamekwisha kukaa, na watu watatu walimkuta mlangoni na vibakuli. Hakupata hata nafasi ya kuketi.

"Umezijaribu?"

"Nimejaribu, bibi. Zimeota tisa."

Akafungua kibuyu, akawamiminia viganja viwili viwili. Nilisimama pale nikitazama mbegu mfu ikipita kutoka mkono ule kwenda nyumba tatu zenye watoto, nami nilikuwa nanukia vizuri.

Nilikimbilia gulioni nikamtafuta mama wa sabuni. Nilimwambia anirudishie kunde, hata nusu, nami ningempa kilichobaki cha kipande chake. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Zile? Mbona tulizila siku ileile, binti yangu. Zilikuwa tamu sijapata kuona. Mnazo tena?"

Mshtuko ule sijaupata tena maishani, ingawa nimezika wazazi. Mbegu iliyopita miaka mingi mikononi mwa mwanamke mmoja, mikononi mwa mama yake kabla yake, ilikuwa imeliwa kwa mchana mmoja na watu wasiojua kwamba wanakula kitu cha mwisho.

Wiki ya pili ya mvua, matuta yote yalikuwa meusi na matupu. Jirani yetu wa upande wa juu, mwenye watoto saba, alikuja akasimama uani bila kukaribishwa. "Bibi, kunde zako zimelala. Kwangu na kwa wenzangu. Tufanyeje sasa, na mvua inakwenda?"

Bibi alikwenda tutani, akafukua punje moja. Akaivunja kwa ukucha, akainusa, akaiweka ulimini. Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Akamgeukia jirani na kusema kwa sauti ya kawaida, "Mkono wangu umezeeka, binti yangu. Mnisamehe." Akakata marando ya viazi ya kupanda badala ya kunde, akanitwika, nasi tukazipitia nyumba zote tatu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, nami nyuma yake nimebeba mzigo, nangoja ujasiri ambao haukuja. Nilijiambia kwamba hakugundua. Nilijiambia hivyo mpaka mwezi wa sita uliopita.

Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kuja. Mwaka uliofuata walinunua mbegu za pakiti mjini, zenye rangi ya waridi, nzuri mwaka wa kwanza na dhaifu ukizirudia. Bibi alipanda viazi na mchicha. Kibuyu hakukitundika tena. Alipofariki, kilikwenda kwa mdogo wangu pamoja na hadithi ya mkono uliozeeka.

Kunde yenye jicho jekundu nimeitafuta katika masoko ya Bunda, Butiama na Musoma. Nimeonyeshwa nyeusi, kahawia, za madoadoa. Mabua yanachomwa kila mahali. Sijaona kitambaa chekundu shinani kwa miaka mingi, na watoto huchuma chochote wanachokifikia.

Pale Kigera, mgeni alipokuwa bado akijifuta machozi ya kicheko, nilisimama nikakiteremsha kibuyu na kung'oa maua. Kizibo kilikuwa kimefungwa shingoni kwa uzi, nacho kimepakwa vanishi pia: gunzi lilelile, na juu yake bado limeganda tabaka la samadi. Nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Bibi alilainisha kwa mgongo wa mkono. Tabaka hili halikulainishwa. Lilikuwa na mashimo matatu ya vidole, madogo, ya mtu aliyebonyeza kwa haraka.

Alikuwa amekishika kizibo hiki siku ile ya mvua. Alikuwa amekihifadhi, hakukifuta, hakukionyesha kwa mtu, akaenda nyumba tatu kuomba msamaha.

Niliwasimulia wote wawili, tangu sabuni hadi marando. Mgeni aliinamisha kichwa. Mdogo wangu alinipokonya kizibo, akajaribu kukitia kidole chake kwenye tundu moja, kikagoma kuingia.

"Dada," akasema, "na miaka yote hii unatufundishiaga watoto wetu kusema ukweli."