Bakuli Mbili kwa Siku

Mpishi alikuwa amelisha watoto wa shule kwa miaka ishirini na sita, na kuhusu mboga hakuna aliyekuwa na la kumfundisha. Mwaka aliostaafu alimzika binti yake wa pekee, na kwa miezi mitatu hakutoa neno isipokuwa "hapana". Kisha asubuhi moja mumewe, dereva mstaafu wa malori, alimkuta uani amechuchumaa, anajaza udongo na samadi kwenye magunia na matairi mabovu.

"Niletee maji," akamwambia. Mzee nusura alie.

Ua ukageuka shamba: mchicha, spinachi, majani ya maboga, matembele yaliyotambaa hadi mlango wa choo. Jirani alikuwa akiwatania, "Ipo siku mtaamka nanyi mmeota majani."

Moyo wa mzee ulipoanza kupiga ovyo, hospitali walimpa vidonge vya kuzuia damu isigande. Kliniki alikwenda peke yake, kwa kuwa mke siku hiyo alikuwa na miche ya kupandikiza.

"Wamesemaje?"

"Nimeze dawa, nisikose."

"Na chakula?"

Mzee akayatazama magunia. "Chakula ni kazi yako wewe."

Basi mke akamshindilia mboga. Bakuli asubuhi, bakuli jioni, maana alichojua ni kwamba mboga za majani huongeza damu, na kwake dawa ya damu na mboga ya damu ni kitu kimoja. Mzee alikula mpaka mchuzi, akasifu. Alivyozidi kudhoofika, ndivyo mke alivyozidi kuchuma.

Jumanne moja mzee alianguka akivaa kiatu. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa kichwani. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao.

Wodini, muuguzi wa kliniki aliuliza mgonjwa alikuwa anakula nini. Mpishi akajibu kwa fahari: mboga, mara mbili kwa siku, za nyumbani kabisa, wala si za sokoni. Muuguzi akaacha kuandika.

"Mama, majani mengi hivyo yanaipunguza nguvu ile dawa. Mzee hakukwambia? Tulimweleza siku ya kwanza. Akasema atakwambia mwenyewe."

Mpishi alishikwa na hasira kwanza, hasira ya kutaka kumzaba kibao mgonjwa wa watu. Halafu akaikumbuka ile miezi mitatu, akajua mzee alikuwa anaogopa nini. Aliogopa kumwambia aache kuchuma, asije akanyamaza tena. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulijua," akamwambia. "Ulijua, ukala."

Mzee aliisikia sauti ya mkewe karibu. Akafungua mdomo, upande mmoja tu, akangoja kijiko.