Clifford Thirsk Hakuwahi Kuumwa

Katika mtaa wetu wa Hull, Uingereza, Clifford Thirsk ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kuumwa. Hata alipokohoa mpaka akashika ukuta, alisema, kwa msemo wa Kiingereza, yuko "chini ya hali ya hewa" tu. Sote husema hivyo mwili unapolegea, na aliyeuliza huitikia kwa adabu, akashika njia yake.

Clifford alivua samaki katika Bahari ya Kaskazini tangu ujana, na asili ya msemo huo alidai anaijua. "Ni wa mabaharia, mwanangu. Mgonjwa alishushwa chini ya sitaha, upepo na mawimbi vimpite juu kwa juu." Yeye mwenyewe alishushwa mara moja, akiwa na miaka kumi na tisa, homa imempanda. Siku mbili alilala akisikiliza viatu vya wenzake wakivuta wavu juu ya kichwa chake, na zamu yake wakaifanya wao. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomchoma.

Sasa ana miaka sabini na minne, na mkewe Maureen yuko kitandani tangu apate kiharusi. Clifford ndiye anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Siku moja ya Februari niliwapelekea supu, nikamkuta ameketi kwenye ngazi, trei ya chai mapajani, midomo imebadilika rangi.

"Nimwite daktari, Mzee Cliff?"

"Usikuze mambo. Hali ya hewa tu."

"Kusimama kwenyewe huwezi."

"Nikiondoka, huyu atageuzwa na nani? Wewe? Wewe hata yai kikaangoni linakushinda!"

Majuma matatu nilikuwa nimesikia kikohozi kile kupitia ukuta unaotenganisha nyumba zetu, nikimpungia mkono dirishani, nikidhani ndiyo heshima.

"Nifundishe," nikamwambia.

Alieleza polepole, akitafuta pumzi: bega kwanza, halafu nyonga, na mkono wa kushoto usiuvute kamwe. Alipomaliza, aliinamisha kichwa kama mtu anayekiri kosa.

"Naumwa," akasema.

"Unasemaje?" Maureen akaita kutoka juu, kwa ule ulimi wake mzito. "Sijasikia!"

"Naumwa, mama wee! Naumwa!"

"Hatimaye! Miaka hamsini na miwili ya ndoa!"

Clifford alilazwa hospitalini siku kumi na moja kwa nimonia. Maureen nilimgeuza mimi, na kila mara alilalamika kwamba mikono yangu ni ya baridi.