Kofi la Siku ya Hitima ya Mume Wangu

Nilimpiga mwanangu kofi la uso mbele ya watu waliokuja kwenye hitima ya baba yake. Ana miaka minne. Kosa ni langu na sitafuti wa kunitetea. Nimechoka tu kukaa nalo peke yangu.

Mume wangu alikuwa ofisa wa wanamaji. Alifia melini, katika nchi ya watu iliyo vitani, walikopelekwa kulinda amani. Jeneza lilifika limefungwa, tukaambiwa tusifungue. Tukazika hivyo hivyo.

Kwao Kitangari mtu akifa jina lake linarithiwa. La mume wangu alipewa mtoto wa dada yake, kijana wa kushinda kijiweni. Kuanzia hapo yeye ndiye Rashidi. Nikakubali. Mama mkwe akaomba na sare nyeupe ya marehemu: "Mama Zuhura, nataka niione imevaliwa, siku moja tu." Nikampa. Ningebishana vipi na mama ambaye hakuuona hata uso wa mwanawe?

Siku ya hitima kijana akatokea kaivaa, vifungo wazi, kofia upande. Akanipigia saluti. "Mke wangu, chai yangu iko wapi?" Watu wakacheka, maana mrithi wa jina anaruhusiwa utani huo. Nilikuwa nimeshinda jikoni tangu alfajiri, macho yamejaa moshi. Nikammiminia chai.

Zuhura akachomoka mbio. "Baba karudi! Mama, baba karudi!" Akamng'ang'ania miguuni.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Wa kupigwa alikuwa amesimama mbele yangu anacheka. Nikampiga mtoto.

Tangu siku ile Zuhura hamtaji baba yake. Nikimwita nimsimulie habari zake, anautazama mkono wangu kwanza.

Wenzangu mliofiwa, msikubali jambo kwa sababu mmechoka. Kataeni mapema, kwa mdomo, hata mkiitwa jeuri. Mimi nilijifanya mkwe mwema, na aliyeumia ni mtoto.

Juzi nimekwenda kwa mtendaji wa kata kupeleka malalamiko. Nikasema huyu kijana anazurura na sare ya jeshi na si askari. Naitaka sare ya mume wangu, na mwanangu asifundishwe kumwita baba.

Mtendaji akaandika, kisha akauliza, "Kuna aliyeumizwa?"

"Yupo. Mwanangu alipigwa."

"Alipigwa na huyo kijana?"

"Hapana, na mimi. Andika na hilo."