Nilimpeleka Wifi Chini ya Viota

Nilifanya kusudi. Naanza na hilo ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifiwa na mumewe akarudi kwao hapa Ilemela. Mama mkwe akamkatia kipande cha bustani kando ya ziwa, kile kile nilichokiomba miaka yote nikanyimwa. Mchicha wake ukawa unaisha sokoni, huku wangu ukinyauka kwenye tenga. Roho iliniuma, sitadanganya.

Sisi huku hurutubisha bustani kwa udongo wa kwenye mawe wanakolala mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Mwaka ule alikuja mtaalamu kupima udongo huo, nikambebea mifuko yake.

Akaniambia, "Dada, hawa ndege wanakula samaki, na kwenye samaki kuna zinki, shaba, hata zebaki kidogo. Wakinyea hapa miaka na miaka, yale madini yanajazana. Zinki na shaba mmea unazitaka kidogo, ila madini yakizidi ni sumu. Samadi inaoza, madini hayaozi. Chini ya viota msiguse. Chukueni kule mbali, tena kwa kiasi."

Niliyasikia peke yangu, nikayafungia moyoni.

Wiki hiyo hiyo wifi akaniuliza, "Wifi, ule udongo wa ndege mnachota wapi?"

Nikampeleka mwenyewe mpaka chini ya viota. Nikamwambia, "Hapa hutajuta. Mwaga mwingi." Alibeba ndoo kichwani siku nne, shingo ikamkaza, nami nikimsifu kwa bidii yake.

Mchicha ukaota wa njano, ukajikunja, ukafa. Akapanda tena, ukafa tena. Mama mkwe akaanza kusema mwanawe amerudi na mkosi wa msibani. Akaniuliza na mimi naonaje.

Nikajibu, "Mama, hata mimi nimeona hivyo hivyo."

Neno hilo ndilo lililomfukuza wifi. Aliondoka na wanawe wawili na godoro moja, akaenda kupanga chumba Nyakato.

Kipande nikapewa mimi. Huu msimu wa tatu, hakijanipa hata fungu moja la mboga. Mkitaka kunicheka, chekeni, ni haki yenu.

Juzi wifi alinipigia simu. Amepata kauwanja ka kulima. "Wifi, naomba unichotee ule udongo, mifuko miwili tu. Nadhani safari ile niliweka kidogo. Nyumba nzima ile ni wewe peke yako uliyenisaidia."

Jamani! Nilisingizia mtandao unakatika, nikazima simu.

Nyie mnaoficha mnachokijua ili mwenzenu aumie, semeni angali anawauliza. Ukichelewa, ukweli unakuwa mzito kuliko ule uongo wenyewe. Mimi kila asubuhi naishika simu, kisha naiweka chini. Mvua zimeshaanza. Wanawe wanamsubiri alime, naye ananisubiri mimi.