Hita ya Chumba Kisicho na Dirisha

Wiki iliyopita, baridi ya Riyadh ilinipeleka dukani kutafuta hita. Mbele yangu kwenye kaunta walisimama mama mmoja Msaudi na mfanyakazi wake wa nyumbani, dada wa Kikenya.

"Chukua hii ya gesi," muuzaji alimshauri yule mama. "Inapasha chumba haraka kuliko ya umeme."

"Yalla, haya, nipe. Ni ya chumba cha huyu."

Yule dada akaweka kiganja juu ya hita, akasema kwa Kiarabu cha polepole, lakini bila kutetemeka: "Madam, chumba changu hakina dirisha. Gesi ikiwaka humo nikiwa nimelala, huenda nisiamke. Naomba ya umeme."

Muuzaji akainamisha macho. Mama akamgeukia dada, akamuuliza, "Hakina dirisha kabisa?"

"Mafi, madam. Hakuna."

Walitoka na ya umeme. Mlangoni nilimsikia mama akimwagiza dereva atafute fundi wa kutoboa ukuta.

Muuzaji hakudanganya, gesi hupasha haraka. Lakini aliyejua hita ipi inafaa ni yule atakayelala nayo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.