Kiboko Asiye na Kichwa

Harufu inayonirudisha nyumbani si ya chakula. Ni ya ganda la mgomba likipigwa pasi ya makaa. Mama alilinyunyizia maji kwa vidole, akalitandaza juu ya blanketi kuukuu, akashusha pasi, na mvuke ukapanda ukinuka majani makavu na sukari iliyoanza kuungua. Mtaa wetu wa Buyenzi, wa magereji, ulinuka oili na moshi kutwa nzima, lakini ukivuka kizingiti chetu ulipokelewa na mgomba. Mama alikuwa akitengeneza picha, na rangi ya dukani hakuitumia hata tone. Maganda hayo, ambayo kwetu Bujumbura tunayaita birere, yana rangi zake yenyewe: la ndani jeupe kama chai iliyozidi maziwa, la nje kahawia, na lililolala kwenye matope huwa jeusi tii. Aliyakata kwa wembe, akayabandika kwa uji mzito wa muhogo, mpaka pale kwenye ubao yakatokea ziwa, milima ya Kongo ng'ambo, na matete ya mto Rusizi yaliyoinamishwa na upepo.

Wanyama wake hawakuwa na nyuso. Korongo alikuwa amezamisha kichwa ndani ya matete, ng'ombe wa pembe ndefu kila mara alikupa mgongo, na kiboko alikuwa mgongo mtupu, mweusi, katikati ya maji. Babu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, alimkataza Mama tangu utotoni kutengeneza uso wa kiumbe chenye roho, naye akalishika neno la baba yake bila ubishi. Majirani walimtania: "Mama Zuhura, viboko yako nani aliichinja?" Alicheka tu, akaendelea kukata. Lakini mimi nilipomuuliza, siku moja nikimshikia maganda, aliniinamia hadi mtandio wake ukanigusa shavu, akaninong'oneza: "Kichwa yake iko ndani ya mayi, mwanangu. Mungu anaiona, inatosha." Hakusema niyafiche maneno yale, lakini niliyaficha. Niliona nimepewa mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikichuna maganda tangu vidole vyangu vilipopata nguvu, na mimi ndiye ambaye siku moja ningeushika ule wembe.

Kiangazi kimoja, jumba la maonyesho la mtaa likawaita wasanii wa karibu walete kazi zinazohusu maumbile ya kwetu: ziwa, milima, ndege, mimea, chochote kilichoota au kilichopumua Burundi. Waliitika wengi, wachonga mbao, wafinyanzi, wasusi wa vikapu, na Mama. Kila fundi aliruhusiwa kuleta kazi zake, pamoja na kazi moja ya mwanafunzi wake. Moja, basi. Niliposikia hivyo sikulala vizuri kwa furaha. Mwanafunzi wa Mama alikuwa nani kama si mimi? Nilishauona ukuta, nikaiona na picha yangu pale juu, jina langu chini yake kwa herufi kubwa.

Ndipo akaja Nadia. Nadia ni binti wa mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa mtumishi wa serikali na akikaa Ngagara. Aliletwa kwetu kupitisha likizo ndefu, na begi lake la magurudumu, soksi nyeupe, na Kifaransa cha puani ambacho alikitumia hata kuomba chumvi. Mimi ni mkubwa wake kidogo, kwa hiyo aliniita dada, tena kwa adabu, jambo lililozidi kuniudhi kwa kuwa lilininyima sababu ya kugombana naye. Siku ya kwanza alikaa akitazama tu. Siku iliyofuata akaomba wembe. Loo! Mimi wembe nilinyimwa miaka na miaka, nikiambiwa nitajikata. Yeye alipewa pale pale, kwa sababu ni mgeni, na mgeni haambiwi hapana. Wala hakujikata. Nilingoja ajikate, wallahi nilingoja, lakini vidole vyake vyembamba vilipita kwenye ganda bila kusita, na Mama akasema, "Angalia mukono ya huyu mutoto!" Neno hilo mkono wangu haukuwahi kulipata. Nilimwonea gere mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Tulifanya kazi uani, kila mmoja na ubao wake, na kwa bahati mbaya au kwa uchokozi, sote tukachagua kiboko. Wangu ulikuwa mgongo, kama wa Mama. Niliuhangaikia huo mgongo, nikatafuta ganda la matopeni lenye weusi wa kung'aa, nikauzungushia maji kwa vipande vyembamba vya kahawia mpaka ungesema yanasogea. Nadia alimtoa kiboko wake majini. Akampa masikio, pua, na jicho: duara la ganda jeupe la ndani, na nukta nyeusi katikati. Nilipoona lile jicho nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajua amejimaliza mwenyewe. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akalitazama, akasema, "Astaghfirullah," kisha akaziba mdomo kwa mtandio. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa akicheka, na macho yake hayakutoka kwenye picha ile.

Jioni ya kupeleka kazi alizifunga zake kwa kitambaa, halafu akachukua ya Nadia, akaifunga nayo. Yangu ikabaki imeegemea ukuta. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Mama, na yangu?"

"Yako itabaki. Tunapeleka ya Nadia."

"Yake ina jicho! We ulinikataza jicho. Babu alikukataza."

"Babu alinikataza mi. Huyu mutoto ana baba yake, ni yeye atamukataza." Akashusha sauti. "Zuhura, mutoto wa wenyewe anatangulia. Akirudi Ngagara mikono mitupu, watasema nini? Watasema nimependelea wangu. We ni wangu, utangoja."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba zetu, na anayeijua anaijua: ukiwa na mtoto wa ndugu yako ndani, nyama nzuri ni yake, godoro ni lake, na wako wa kuzaa anasogezwa pembeni, ili pasiwe na mtu wa kukusema. Nyama nilimwachia. Godoro nilimwachia. Lakini ukuta! Sikula usiku ule, na hakuna aliyenibembeleza kwa sababu wote walijua nimenuna kwa nini na wote waliona nitapoa.

Sikupoa. Siku ya kufungua maonyesho, jumba lilijaa. Lilikuwa ukumbi wa mabati tu, kuta zimepakwa chokaa, joto likishuka kutoka juu, na kazi zimetundikwa kwa misumari na kamba za katani. Watu walipita kwenye picha za Mama kwa heshima, wakatikisa vichwa, wakaenda. Kwa Nadia walisimama. Walikuja hata wakubwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri, na magari yao, na mama mmoja mwenye mkufu mzito akawa anatembea kushoto, mara kulia, akisema, "Tazameni, jicho linanifuata!" Mama alisimama kando ya Nadia, mkono begani kwake. Mkono ule niliutazama kuliko picha yoyote. Nikajisemea, sawa, chukua ukuta. Chukua na bega. Maneno ya kichwa kilicho ndani ya maji ninayo mimi, wewe huyajui, na ndiyo maana umeweka jicho. Nilijifariji kwa hilo kiangazi kile, na nimejifariji kwa hilo hadi utu uzima.

Sasa Mama hayupo, Mungu amrehemu. Mimi nafundisha shule ya msingi Mutakura, na maganda nayagusa ninapofundisha kazi za mikono, basi. Nadia ndiye msanii. Juzi jumba lile lile la mtaa lilionyesha tena kazi za wasanii wa hapa juu ya maumbile, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye bango. Mabati yamefichwa kwa dari nyeupe, taa ndogo zinamulika kila picha, na watu hawanyanyui tena vidole kuonyeshana, wananyanyua simu. Nilikwenda na binti yangu Sakina, nimevaa vizuri, nimejikaza. Nilitarajia macho. Nilikuwa tayari kwa macho ukuta mzima.

Hakukuwa na jicho hata moja. Korongo ndani ya matete, ng'ombe waliotupa mgongo, na katikati, kwenye ubao mkubwa kuliko yote, kiboko: mgongo mweusi na maji. Watu walikuwa wakisifu ubunifu wake. Ati ubunifu! Damu ilinichemka. Siku zile alishinda kwa kuweka uso, na sasa anashinda kwa kuuondoa, na mimi niliyeushika mgongo ule tangu mwanzo nimesimama na pochi mkononi kama mgeni wa harusi.

Sakina akavuta nguo ya Nadia. "Mama mdogo, kichwa yake iko wapi?"

Nadia aliinama, mtandio wake ukamgusa mtoto shavu. "Iko ndani ya mayi, mwanangu," akanong'ona. "Mungu anaiona, inatosha."

Niliuliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, nani alimpa maneno hayo.

"Shangazi," akasema, akinyooka, macho yamemlowa. "Ile likizo, tukitoa picha yangu hapa ukutani. Samahani, dada, sikukuambia hata siku moja. Alisema iwe siri yetu, mi na yeye."

Nilimwambia ni maneno mazuri. Mimi Mama hakuniambia kuwa ni siri. Hilo nilijitungia mwenyewe.