Bawa la Ndege ya Babu

Mwalimu mzima, nimejimaliza mwenyewe. Tangu utotoni niliambiwa babu alikuwa rubani katika vita vya Hitler, na bati refu lililoning'inia sebuleni kwetu Newala ni kipande cha bawa la ndege yake. Jumapili nikalibeba hadi kanisani Lulindi, nimevaa koti la rubani la mtumba, nikawahutubia waumini baada ya ibada. Jina la babu nililitaja mara tatu. Wakanipigia makofi.

Bibi mmoja akasogea, akalipapasa lile bati.

“Shikamoo, bibi.”

Badala ya marahaba, akaligeuza bati upande wa pili.

“Hili ni panga la mtambo wa upepo uliokuwa unatuvutia maji hapa Lulindi,” akasema. “Liliibwa. Tangu siku hiyo tunateka maji bondeni. Hebu lirudie jina la babu yako.”